KUNYOOSHWA MGONGO: KUTULIA SIYO KUPONA



Katika mikutano ya matawi tumeulizwa mara nyingi swali moja: Je, ni kweli kwamba mtu akikandwa na kunyooshwa mgongo, neva zake hufunguka na presha yake hushuka? Swali hili si la mzaha. Aliyetuuliza kwanza ni mama mmoja mchuma chai, ambaye alitaka kujua kama aendelee kutafuta nauli ya kwenda kuchukua vidonge vyake, au fedha hiyo ampe mnyooshaji. Tulimwambia kwamba tungewauliza wenye elimu ya mambo haya, kisha tungemletea jibu. Jibu lenyewe ndilo hili.

Kabla ya jibu inatupasa tuseme kosa letu wenyewe. Siku moja ya mshahara alikuja kwetu mtu mwenye kitanda cha kukunja. Alisema amejifunza ufundi uitwao ostiopathi, na kwamba kwa mikono yake anaweza kuzirekebisha neva zinazoendesha moyo. Halmashauri ya tawi ilimpa chumba chetu cha mikutano bila kumwuliza cheti wala kumwuliza alifundishwa wapi. Wanachama walipoona yuko ndani ya chumba cha chama, waliamini kwamba chama kimemkubali. Foleni ilifika hadi barabarani.

Miongoni mwa waliopanga foleni alikuwa ndugu yetu mmoja, fundi wa boila wa zamu ya usiku, ambaye alikuwa akimeza vidonge vya presha kila siku. Alinyooshwa mara tatu. Kila mara alipimwa presha akiwa bado amelala juu ya kile kitanda, na kila mara kipimo kilikuwa chini kuliko kile cha zahanati. Akaambiwa neva zimefunguka. Akaacha vidonge. Baada ya muda usiotimia miezi miwili alianguka kazini. Ulikuwa ni kiharusi. Leo anatembea, lakini mkono wake wa kulia haushiki spana. Yeye mwenyewe ametuomba tuandike habari hii, ila tusitaje jina lake.

Basi, tueleze jambo hili tangu mwanzo wake.

OSTIOPATHI NI NINI?

Ostiopathi ilianzia Marekani. Mwanzilishi wake aliitwa Andrew Taylor Still, aliyezaliwa katika jimbo la Virginia mwaka 1828. Alikuwa tabibu katika nchi ya mashamba na alishiriki katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko. Mwaka 1864 watoto watatu wa nyumba yake walifariki kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Dawa za siku zile hazikuweza kuwaokoa, na nyingine zilikuwa sumu tupu, kama zile za zebaki. Still akapoteza imani na dawa hizo, akageukia mifupa na viungo. Mwaka 1874 alitangaza elimu yake mpya, na mwaka 1892 akafungua chuo katika mji mdogo wa Kirksville, jimbo la Missouri. Alifariki mwaka 1917.

Still alifundisha kwamba mwili una nguvu ya kujiponya wenyewe, mradi damu na mishipa ya fahamu vipite bila kizuizi. Mfupa au msuli uliokaa vibaya, alisema, huzuia njia hiyo; na mkono wa mtabibu unaweza kuifungua. Kwa hiyo wafuasi wake hushika, hukanda, huvuta, hubonyeza polepole, na mara nyingine husukuma kiungo kwa ghafla mpaka kikasikika kikilia.

Ni vizuri kujua kwamba jina hili halina maana moja kila mahali. Huko Marekani leo mtu aliyehitimu chuo cha ostiopathi ni daktari kamili. Anaandika dawa, anapasua, anafanya kazi hospitalini, na wengi wao hawatumii tena mikono kunyoosha migongo. Uingereza mambo ni tofauti. Kule mwostiopathi si daktari wa dawa, lakini sheria ya mwaka 1993 inamtaka aandikishwe, na asiyeandikishwa haruhusiwi kujiita hivyo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha viwango vya mafunzo ya kazi hii. Humo kozi ya mtu anayeanza bila elimu ya uganga wa hospitali ni ya miaka, siyo ya majuma. Tungalijua hivyo mapema, tungalimwuliza yule mwenye kitanda maswali mawili matatu kabla ya kumpa ufunguo.

NEVA ZINAZOJIENDESHA ZENYEWE

Sasa tuje kwenye neva. Katika kiwanda ziko kazi zinazongoja amri ya mtu, na ziko kazi zinazokwenda zenyewe usiku na mchana, kama vile maji yanavyojazwa katika boila bila mtu kupiga kengele. Mwili nao uko hivyo. Unapochuma jani la chai, wewe ndiye unayeuamuru mkono. Lakini hakuna anayeuamuru moyo wake upige, wala tumbo lake lisage chakula, wala jasho lake litoke. Kazi hizo zinaendeshwa na mishipa ya fahamu ya namna ya pekee, ambayo hufanya kazi bila kungoja mapenzi yetu. Mwaka 1898 mtaalamu wa Uingereza, John Langley, aliipa jina linalomaanisha kwamba inajitawala yenyewe. Sisi tutaiita neva zinazojiendesha.

Neva hizi zina pande mbili kubwa. Upande wa kwanza huitwa simpathetiki. Huu ni kama pedeli ya mafuta katika lori. Ukikutana na nyoka kwenye mistari ya chai, upande huu hukanyaga mafuta: moyo hupiga mbio, mishipa mingi ya damu hubana, presha hupanda, jasho hutoka, na sukari humwagwa katika damu ili misuli ipate nguvu ya kupigana au kukimbia.

Upande wa pili huitwa parasimpathetiki. Huu ni breki. Hupunguza mwendo wa moyo, huleta mate mdomoni, na huliruhusu tumbo lifanye kazi yake. Neva yake kubwa kupita zote huitwa vagasi. Jina hilo ni la Kilatini na maana yake ni mzururaji, kwa sababu neva hiyo hutoka chini ya ubongo, ikashuka shingoni, ikapita kwenye moyo na mapafu mpaka tumboni.

Mtu aliyeonyesha vizuri kazi ya pande hizi ni Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard. Alitazama tumbo la paka kwa eksirei wakati wa kusaga chakula. Paka alipotulia, tumbo lilicheza. Paka alipoudhiwa au kutishwa, tumbo lilisimama. Mwaka 1915 alitoa kitabu kuhusu mabadiliko ya mwili wakati wa njaa, maumivu, hofu na hasira. Wengi wetu tunaijua habari hiyo bila kuwa na eksirei. Ukikaripiwa na nyapara dakika tano kabla ya chakula cha mchana, posho na maharage hukaa tumboni kama jiwe.

Jambo moja la kushika hapa ni hili: pande zote mbili ni zetu na zote ni njema. Bila mafuta lori halipandi kilima. Taabu huanza pale mafuta yanapokanyagwa kutwa nzima, na breki haipati nafasi.

MGONGO UNAHUSIANA NINI NA MOYO?

Watu wa ostiopathi hawakuokota mawazo yao hewani. Neva za simpathetiki hutoka katika uti wa mgongo, sehemu ya kifua na sehemu ya juu ya kiuno. Kila upande wa mifupa ya mgongo kuna kamba ya neva hizo yenye vifundo vifundo, nayo hupita karibu sana na mahali mbavu zinapoungana na mgongo. Vagasi nayo hupita shingoni ubavuni mwa mshipa mkubwa wa damu. Kwa hiyo mtu anayebonyeza shingo na mgongo anashika majirani wa neva hizi.

Mwaka 1945 mtaalamu wa maumbile ya mwili, Irvin Korr, alianza kazi katika chuo cha Kirksville. Yeye na wenzake walipima jinsi ngozi ya mgongo inavyopitisha umeme, kwa maana ngozi yenye jasho hupitisha zaidi, na jasho linaendeshwa na simpathetiki. Waliona kwamba sehemu nyingine za mgongo zilikuwa na simpathetiki iliyochangamka kuliko sehemu nyingine. Korr akafundisha kwamba sehemu iliyochangamka hivyo huweza kusumbua hata viungo vya ndani vinavyopata neva kutoka hapo, na kwamba mikono ikiituliza sehemu hiyo, kiungo nacho hupata nafuu.

Ni wazo linaloeleweka vizuri. Lakini fundi yeyote anajua kwamba nyaya mbili kupita mahali pamoja si ushahidi kwamba ukiigusa moja utatengeneza mashine iliyounganishwa na nyingine. Lazima upime. Basi, wakapima.

WALIPIMA NINI, WAKAONA NINI?

Kipimo kinachotumika sana ni cha mapigo ya moyo. Watu wengi hudhani kwamba moyo mzima hupiga sawasawa kama saa ya ukutani. Sivyo. Keti kimya, weka vidole juu ya mshipa wa mkono, kisha vuta pumzi polepole na kuitoa polepole. Ukiwa makini utasikia mapigo yakikaribiana kidogo unapovuta, na yakiachana kidogo unapotoa. Hiyo ndiyo vagasi inalegeza breki na kuikaza tena. Mashine huweza kuipima tofauti hiyo ya muda kati ya pigo na pigo. Kwa jumla, tofauti ikiongezeka mtu akiwa ametulia, ni dalili kwamba breki inafanya kazi zaidi.

Mwaka 2008 wachunguzi wa Marekani walitoa matokeo ya watu 17 wenye afya. Waliwalaza juu ya meza inayoinuka, wakaiinua ili mwili ulazimike kukanyaga mafuta, kwa maana mtu anapoinuliwa moyo hufanya bidii zaidi kupeleka damu juu. Kisha walilegeza nyama za shingo kwa mikono. Wakati mwingine waliwagusa tu bila kuwatibu, na wakati mwingine hawakuwagusa kabisa. Walipotibiwa kwelikweli, upande wa mafuta ulipungua na upande wa breki ukaongezeka. Mwaka 2013 wachunguzi wengine walitoa habari ya vijana 19 wenye afya, waliobonyezwa polepole chini ya kisogo. Nao walionyesha dalili za breki kuongezeka. Mwaka 2015 walikuwa watu 66 huko Italia, waliogawanywa katika mafungu matatu: waliotibiwa, walioguswa kwa kuigiza tu, na walioachwa wamelala. Fungu la waliotibiwa lilionyesha badiliko kubwa kuliko mengine.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikuambia kwamba baada ya kukandwa alisikia moyo umetulia na usingizi umemjia, usimcheke. Huenda anasema kweli, na mashine imeona jambo kama hilo.

Lakini tusome pia yale yasiyoandikwa kwenye bango la mnyooshaji.

Kwanza, waliopimwa walikuwa wachache, na walikuwa watu wazima wa afya. Hawakuwa wagonjwa wa presha.

Pili, walipimwa wakati wa tiba na muda mfupi baada yake. Kutulia kwa dakika au saa si sawa na kuwa na presha iliyotulia mwaka mzima.

Tatu, si kila uchunguzi ulileta jibu moja. Mwaka 2019, tafiti za namna hii zilipokusanywa na kulinganishwa, zilionekana zimefanywa kwa njia mbalimbali, na nyingine zilionyesha badiliko, nyingine hazikuonyesha.

Nne, hata kulala tu kunabadilisha neva. Hata mguso wa upole, wa mama au wa nyanya, unatuliza, kwa sababu ngozi ina neva zake zinazoitikia mguso wa polepole. Ndiyo maana wachunguzi waangalifu huweka fungu la kuguswa kwa kuigiza. Bila fungu hilo huwezi kujua ni ufundi ulioleta utulivu, au ni kitanda.

Na upande wa maumivu ya mgongo yenyewe? Mwaka 2021 huko Ufaransa yalitoka matokeo ya uchunguzi wa watu 400 wenye maumivu ya kiuno yasiyokwisha upesi. Nusu walitibiwa kwa ostiopathi ya kweli, nusu kwa kuigiza. Waliotibiwa kweli walipata nafuu kidogo kuliko wenzao, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba wachunguzi walitia shaka kama mgonjwa angeisikia katika maisha yake ya kila siku.

KIPIMO KILICHOMDANGANYA NDUGU YETU

Sasa tunaweza kueleza yaliyompata fundi wa boila. Zahanati ilimpima akiwa ametoka kazini, amepanda kilima, amesimama foleni, na ana wasiwasi wa kukatwa mshahara kwa kuchelewa. Mafuta yalikuwa yamekanyagwa. Mnyooshaji alimpima baada ya kulala karibu saa nzima mahali penye kivuli, akishikwa kwa upole, hakuna mlio wa mashine. Breki ilikuwa imekazwa. Vipimo viwili visingeweza kufanana, hata kama mgongo wake usingeguswa.

Unaweza kujaribu wewe mwenyewe bila gharama. Ukimaliza kubeba mzigo, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja. Kisha keti kivulini dakika kumi na uhesabu tena. Utaona tofauti, na hakuna aliyekunyoosha.

Kwa hiyo presha ipimwe kwa utaratibu: mtu aketi, mgongo uegemee, nyayo zikae chini, apumzike dakika tano, asiongee, na mkono uwe umelazwa juu ya meza. Ipimwe zaidi ya mara moja na kwa siku tofauti. Kipimo kinachobaki 140 kwa 90 au zaidi ni cha kushughulikiwa na tabibu, na kikiwa chini kwa sababu unameza vidonge, maana yake vidonge vinafanya kazi. Hiyo siyo sababu ya kuviacha. Presha haina kelele. Mtu anaweza kujisikia mwepisi kabisa, huku mishipa ya ubongo inachakaa.

Tumeuliza matabibu, na wote wametuambia neno moja: hakuna ushahidi wa kutegemewa kwamba kunyooshwa mgongo kunaweza kushika nafasi ya vidonge vya presha, wala vya kisukari, wala vya kifafa, wala vya moyo. Anayetaka kukandwa ili apumzike, na akandwe. Lakini vidonge viko pale pale.

NANI ANAKANYAGA MAFUTA?

Ndugu zetu, tukiishia hapa tutakuwa tumesema nusu. Watu walipanga foleni mbele ya kile kitanda kwa sababu wameumia na wamechoka. Tujiulize ni kitu gani kinachokanyaga mafuta ya neva zetu kila siku.

Ni joto la boila na kelele za mashine, ambazo mwili huzihesabu kama hatari hata sikio likizizoea. Ni zamu ya usiku inayofuatwa na zamu ya mchana bila usingizi wa kutosha. Ni kazi ya kipande, ambapo mama mchuma chai haendi hata kujisaidia kwa kuogopa kilo zitapungua. Ni kapu lililojaa mgongoni kwenye mteremko wenye utelezi. Ni mzigo unaoinuliwa na mtu mmoja ambao ungepaswa kuinuliwa na wawili. Ni wasiwasi wa kibarua asiyejua kama kesho ataitwa kazini.

Hakuna mikono inayoweza kukaza breki kwa saa moja ikashinda mguu unaokanyaga mafuta saa kumi na mbili.

Mambo haya yana haki zake. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 juu ya uzito wa mizigo, pamoja na Pendekezo namba 128 lisemalo kwamba mwanamume mzima asibebeshwe kwa mikono zaidi ya kilo 55, na kwamba wanawake na vijana wapewe mizigo iliyo pungufu sana ya hiyo. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, ambayo inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya ya mfanyakazi awapo kazini. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliongeza mahali pa kazi palipo salama na penye afya katika haki za msingi za wafanyakazi wote. Mjumbe wa tawi anapodai kivuli cha kupumzikia, au mtu wa pili wa kuinua gunia, haombi zawadi.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Usiache kidonge chochote cha kila siku kwa neno la mnyooshaji, mkandaji au mwenzako wa zamu. Mwenye kukupunguzia ni tabibu aliyekupima kwa utaratibu.

2. Kabla ya kushikwa mgongo, mwulize mtu huyo: Ulisoma wapi? Kwa muda gani? Umeandikishwa na nani? Utafanya nini, na kuna hatari gani? Anayekasirika kwa kuulizwa, mwache aende zake.

3. Usikubali shingo yako izungushwe kwa ghafla. Ni mara chache, lakini imetokea mshipa wa damu wa shingoni ukachanika na kuleta kiharusi.

4. Mgongo unaouma pamoja na homa, kukonda, jasho la usiku au kikohozi kirefu usinyooshwe kabla ya kupimwa hospitali. Kifua kikuu huingia hata katika mifupa ya mgongo, na mfupa uliooza ukisukumwa huvunjika.

5. Ukiona miguu inakufa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo na choo havishikiki, hiyo ni dharura. Nenda hospitali siku ile ile.

6. Ukiona mdomo umepinda upande mmoja, mkono umelegea ghafla, au maneno hayatoki sawasawa, usingoje kuche na usitafute mkandaji. Hicho ni kiharusi, na kila saa ina thamani.

7. Pumziko lina kazi halisi katika mwili. Kuketi kivulini, kuvuta pumzi polepole, kulala usingizi wa kutosha na kukandwa kwa upole na mtu wa nyumbani, yote hayo huipa breki nafasi yake, na hayahitaji mtu wa kuja na kitanda siku ya mshahara.

Halmashauri ya tawi letu imekwisha amua kwamba hakuna mtu atakayepewa chumba cha chama ili auze tiba, mpaka cheti chake kionekane na tabibu wa zahanati aulizwe. Tumenunua pia mashine ya kupimia presha kwa michango ya wanachama. Imewekwa mezani ofisini, pembeni yake kuna kiti chenye egemeo, na ukutani tumebandika karatasi: KETI DAKIKA TANO KWANZA. Madai yetu mengine, yaani mapumziko katikati ya zamu, mtu wa pili kwenye mizigo mizito, na ruhusa yenye malipo ya kwenda kuchukua dawa, yameandikwa na yamepelekwa kwa mwajiri. Tunamngoja mezani.

Yule mama mchuma chai amekwisha pata jibu lake, na anaendelea na vidonge. Fundi wa boila naye huja ofisini kila Jumamosi kupimwa. Huketi dakika zake tano kimya, mkono wa kushoto juu ya meza. Juzi alituambia kwamba kile kitanda hakikuwa kibaya, maana kwa miaka mingi hakuwa amepata kulala saa nzima mchana bila kuitwa. Kosa lilikuwa kuuziwa saa hiyo kama dawa. Akasema saa hiyo ya kulala ilikuwa haki yake tangu zamani, na kwamba tuidai.

Tunaidai, ndugu. Njooni mkutanoni.